Je, Kuonyesha ni Kurudisha?



Katika zama zetu hizi yamezuka makumbusho yasiyokuwa na jengo wala bawabu. Mtu aliyeketi Kigoma au Malindi, akiwa na simu ya mkononi na kifurushi cha intaneti, aweza kutazama mchoro uliotundikwa Amsterdam, akaukuza hata akaona nyufa za rangi ambazo mtu aliyesimama mbele ya mchoro wenyewe hawezi kuziona. Haya ndiyo makumbusho ya mtandaoni. Wanaoyasifu husema kwamba sanaa ya kila taifa sasa imekuwa ya watu wote. Nauli haihitajiki, viza haihitajiki, na mtoto wa mkulima ana nafasi sawa na mtoto wa tajiri.

Sifa hizi kwa sehemu kubwa ni za kweli, nasi hatuna nia ya kuzipinga. Walakini ndani yake limejificha swali la haki ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Ikiwa sanaa ya taifa fulani iliondolewa nchini kwa nguvu au kwa wizi, na leo wenye kuishika wanawaonyesha wenyewe picha zake, je, deni limelipwa? Je, kuonyesha ni kurudisha?

Ili tupate kulipima swali hili kwa uadilifu, tuanze na mfano mwema. Makumbusho ya taifa ya Uholanzi, yaitwayo Rijksmuseum, mwaka 2012 yalifungua mtandaoni picha za kazi 125,000, na tangu hapo yameongeza nyingine nyingi sana. Kila mtu aruhusiwa kuzichukua bila malipo, hata akitaka kuzichapa katika kitabu cha kuuza. Mnamo Januari 2022 walitoa picha ya mchoro mashuhuri wa Rembrandt wa mwaka 1642, uonyeshao kikosi cha walinzi wa mji. Picha hiyo iliungwa kutokana na picha ndogo 8,439, na nukta zake ni bilioni 717. Huo ni ukarimu wa hali ya juu, na mwenye kuubeza hana insafu.

Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji, ni nani aliyetoa na ni kitu gani alichotoa. Mholanzi ametoa kivuli cha mti ulio uani mwake. Mti wenyewe bado anao. Mtoto wake akitaka kuuona hupanda treni ya asubuhi na jioni amerudi nyumbani. Kwa kuwa mti ni wake, kivuli alichokitoa ni zawadi. Sasa mfikirie mtu aliyekwenda kwa jirani usiku, akang'oa mti, akaupanda kwake, kisha baada ya miaka mia moja na zaidi akamwambia mjukuu wa jirani: “Nakuletea kivuli, njoo upumzike.” Kivuli ni kile kile, hata ubaridi wake ni ule ule. Je, tutaliita tendo hili pia zawadi?

Mfano huu si wa kubuni tu. Palikuwa na ufalme wa Benin, ambao yafaa tusiuchanganye na Jamhuri ya Benin ya leo; ufalme huu ulikuwa katika nchi ambayo sasa ni Nigeria ya kusini, na watu wake ni Waedo. Mafundi wa mfalme wao, aitwaye Oba, walisubu shaba na kuchonga pembe za ndovu kwa ustadi uliowashangaza Wazungu hata wengine wakakataa kuamini kwamba ni kazi ya Waafrika. Februari 1897 jeshi la Uingereza liliuteka mji wa Benin. Jumba la mfalme liliporwa, mji ukaungua, Oba Ovonramwen akahamishwa Calabar, naye akafia huko mwaka 1914. Maelfu ya vitu vya shaba na pembe vilichukuliwa, vikauzwa, vikatawanyika katika makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Novemba 2022 yalifunguliwa makumbusho ya mtandaoni yaitwayo Digital Benin, yaliyotengenezwa na wataalamu wa Nigeria, Ulaya na Marekani, na makao ya kazi hiyo yakiwa katika makumbusho moja ya Hamburg, Ujerumani. Siku ya kufunguliwa kwake yalikuwa na vitu 5,246 vilivyomo katika taasisi 131 za nchi 20. Tafakari hesabu hii! Nyumba moja, tena nyumba ya mfalme, mali yake imegawanywa katika taasisi 131, wala hapakuwa na mahali popote duniani ambapo Mwedo angeweza kuiona pamoja. Sasa pamepatikana. Tena waliofanya kazi hiyo walifanya jambo la busara: waliviandika vitu kwa majina yake ya Kiedo, kama wenyewe wavitajavyo, pamoja na masimulizi ya wazee. Kitu ambacho kwa miaka mingi kiliitwa tu “sanamu ya shaba, Afrika ya Magharibi” kimepata tena jina lake.

Huo ni wema, na twaushukuru. Lakini wema huo ni wa namna gani hasa? Tukitaka kujua kama picha yaweza kushika mahali pa kitu, hatuna haja ya kubahatisha, maana jambo hili lilikwisha jaribiwa kabla intaneti haijawafikia watu. Mwaka 1977 Nigeria ilikuwa mwenyeji wa FESTAC, tamasha kubwa la sanaa la watu weusi wa dunia nzima. Alama yake ilikuwa sura ya Idia, mama wa mfalme, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu katika karne ya 16, ambayo iko British Museum mjini London. Serikali ya Nigeria iliomba kuazima sura hiyo kwa ajili ya tamasha. Ilikataliwa. Mchongaji wa Kiedo akalazimika kuchonga nakala. Basi katika siku zile picha ya Idia ilikuwa kila mahali: katika mabango, katika vitambaa, katika stempu. Kama kuenea kwa picha ni kurudishiwa kitu, basi hapana taifa lililopata kurudishiwa zaidi ya Nigeria mwaka ule. Lakini watu walijua kwamba walichonacho ni nakala, na kwamba cha asili kimebaki London. Na kukataliwa kule hakujasahauliwa mpaka leo.

Hapana shaka mtu atasema: “Vitu hivi viko salama zaidi vilipo, vikirudi vitapotea.” Jibu ni kwamba mwaka 2023 British Museum yenyewe ilitangaza kuwa vitu vyake vipatavyo 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na mkurugenzi wake akajiuzulu. Vingi vya vitu hivyo havikuwa vimeandikwa ipasavyo wala kupigwa picha. Wahenga wa mwambao wetu, waliokuwa watu wa biashara, walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Oktoba ya mwaka ule ule makumbusho hayo yakatangaza kwamba yatakamilisha kuweka hazina yake yote mtandaoni katika muda wa miaka mitano. Ni jambo jema. Ila msomaji ataona kwamba lililoyaharakisha ni hofu ya mwizi wa ndani, wala si kilio cha watu wa nje kilichokuwa kimelia kwa miongo mingi.

Wengine husema: “Wanigeria wenyewe hawajapatana.” Hili ni kweli, na mwenye kutaka haki asilifiche. Machi 2023 Rais wa Nigeria alitoa amri kwamba vitu vinavyorudi ni mali ya Oba, na baadhi ya taasisi za Ulaya zikaingiwa na wasiwasi. Novemba 2025 waandamanaji waliingia katika makumbusho mapya ya mji wa Benin siku chache kabla ya kufunguliwa, wakidai kwamba yanadhulumu haki ya jumba la mfalme. Mambo haya yanahuzunisha. Lakini tangu lini ugomvi wa warithi ukampa jirani haki ya kurithi? Kadhi akiletewa kesi ya ndugu wanaogombea shamba la baba yao, hamwambii aliyelivamia shamba: “Kaa humo mpaka wapatane, na wao uwape picha ya minazi.”

Tena wapo waliokwisha onyesha kwamba jambo hili lawezekana. Mwaka 2022 Ujerumani ilitia sahihi mapatano ya kuirudishia Nigeria milki ya zaidi ya vitu 1,000. Mwaka 2025 Waholanzi, hao hao tuliowasifu kwa ukarimu wa picha, walikabidhi vitu 119. Hawakusema kwamba picha zatosha. Kwa upande wa British Museum iko sheria ya mwaka 1963 iwazuiayo wadhamini wake kutoa vitu isipokuwa kwa sababu chache; walakini sheria hiyo ilitungwa na binadamu bungeni, na bunge lililoitunga lingalipo.

Tusije tukadhani kwamba habari hii ni ya Afrika ya Magharibi tu. Kati ya mwaka 2018 na 2021 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wasanii wa Kenya na taasisi za Ujerumani, yaliandika orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko nchi za nje. Vilipatikana zaidi ya 32,000 katika taasisi 30 tu. Miongoni mwa vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo ni ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na kuingia British Museum mwaka 1908. Kwa zaidi ya miaka mia moja imewekwa ghalani. Mwaka 2016 mmoja wa uzao wa mtawala wa Wapokomo alipelekwa ghalani humo akaiona kwa macho yake ngoma ya babu zake.

Sasa, ndugu msomaji, tuseme ngoma hii ipigwe picha nzuri kuliko zote, pande zote, nukta bilioni kwa bilioni, na kila Mpokomo apewe simu ya kuitazamia. Atakuwa amepata nini? Ngoma ile iliwaita watu. Walioijua waliijua kwa mlio wake uliovuka mto na mashamba. Picha imetoa kile ambacho katika ngoma ni kidogo, yaani umbo la mti na ngozi, ikaacha kile ambacho ndicho ngoma. Makumbusho ya mtandaoni huchukulia kwamba kila sanaa ni kitu cha kutazamwa, kwa sababu mchoro wa Rembrandt ni kitu cha kutazamwa. Lakini sanaa ya mataifa mengi ni ya kupigwa, ya kuvaliwa, ya kukaliwa, ya kushikwa siku ya kiapo. Na iko nyingine ambayo haikukusudiwa kutazamwa na kila mpita njia.

Hapa ndipo tufikapo kwenye vigango. Wagiriama na ndugu zao wa Mijikenda humchongea mzee aliyefariki, ikiwa alikuwa mmoja wa chama cha heshima kiitwacho Gohu, nguzo ya mti, nayo husimamishwa ardhini kuwa mahali pake miongoni mwa walio hai. Kigango hakiuzwi wala hakihamishwi. Jamaa wakihamia mahali pengine, kigango hubaki pale pale mpaka kioze. Yafaa niseme wazi kwamba mwandishi wa makala hii haamini kuwa mti uliochongwa waweza kumfaa mtu au kumdhuru, na wasomaji wengi wa kurasa hizi ni hivyo hivyo. Lakini haki haimwulizi aliyeibiwa anaamini nini kabla ya kumrudishia mali yake. Kama ingekuwa hivyo, kila mwizi angetafuta kwanza watu wa dini nyingine.

Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango vingi viliibwa usiku, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara, na mamia yakafika katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Marekani. Mwaka 1985 mtafiti mmoja wa Kimarekani alimpiga picha mzee wa Kigiriama amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Aliporudi kumpa mzee picha yake, alikuta vigango havipo. Vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu huko Marekani, ilionyeshwa picha ya kigango kilichomo katika makumbusho moja ya Illinois. Mtafiti yule akashtuka, maana alikitambua: kilikuwa kimojawapo cha vile viwili. Cha pili kilikutwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 kigango cha Illinois kilirudi kwa jamaa yake pwani ya Kenya.

Sasa linganisha na habari nyingine. Mwaka 2019 makumbusho ya sayansi ya mji wa Denver yalirudisha Kenya vigango 30, kwa hiari yao, baada ya kuamua kwamba si halali kuvishika. Ni tendo la heshima. Lakini hivi havikuwa na picha ya kuvitambulisha. Haikujulikana vimetoka boma gani, wala ni vya baba wa nani. Vilirudi nchini, havikurudi nyumbani, wakavipokea watu wa Makumbusho ya Taifa.

Kwa hiyo picha ina kazi kubwa, tena kubwa kuliko wanayoisema wanaoisifu. Picha ni shahidi. Ile ya mwaka 1985 haikumlipa mzee yule chochote, wala hapana aliyemwambia: “Una picha, basi tulia.” Ilisimama mahali pa shahidi ikasema: kitu hiki kilikuwa hapa, kando ya mtu huyu, mwaka huu. Shahidi akimaliza kusema, ndipo hukumu huanza. Kosa la watu wa zama zetu ni kumchukua shahidi wakamfanya malipo, kisha wakafunga baraza.

Kutokana na hayo twaweza kuyapima makumbusho yoyote ya mtandaoni yatakayofunguliwa. Tusiyaulize kwanza picha zake zina nukta ngapi. Tuyaulize: je, yamesema ni nani aliyekichukua kitu hiki, mwaka gani, na kwa njia gani? Jina lililoandikwa ni la mwenyewe au la mnunuzi? Maelezo yamo katika lugha ambayo bibi wa kijiji kile aweza kusomewa na mjukuu wake akaelewa? Je, wenyewe waliulizwa kama kitu hiki kinafaa kuonyeshwa? Kuna kaburi la nani ambaye angependa nguzo yake igeuzwe pambo la kioo cha simu? Na kama wenyewe wamekiomba, ombi lao limeandikwa papo hapo chini ya picha, au limefichwa?

Liko pia jambo la idhini, ambalo aghalabu halitajwi. British Museum huruhusu picha zake zitumiwe bure, ila si kwa biashara. Mchapaji wa mji wa Benin atakaye kutoa kitabu cha historia cha kuuza kwa wanafunzi, akataka kutia ndani yake sura ya Idia, ataomba ruhusa London na pengine atalipa. Mti umeng'olewa, na hata kivuli chake kina kodi!

Na sisi wenyewe je? Katika nyumba nyingi za mwambao na za bara mna mlango wa kuchonga, mna kiti cha enzi, mna ngoma ya ukoo, mna daftari la tenzi lililoandikwa na babu kwa herufi za Kiarabu. Vitu hivi huondoka kila mwaka, wala halihitajiki tena jeshi la kuvichukua. Yatosha mnunuzi mwenye maneno matamu na kijana mwenye shida ya fedha. Ikiwa nyumbani kwako mna kitu cha namna hiyo, ndugu msomaji, kipige picha wiki hii, mahali pake kilipo, na mkubwa wa nyumba awe amesimama kando yake kama yule mzee wa Kigiriama. Andika nyuma yake jina la kitu kwa lugha ya kwenu, aliyekitengeneza ikiwa ajulikana, kijiji na mwaka. Nakala moja ihifadhi wewe, nyingine mpe ndugu akaaye mbali.